Sweta Si Uzi

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia kila nisikiapo mtu akiahidi kutoa mzigo mpakani kwa njia rahisi. Nilikuwa binti mwenye kibanda cha nguo hapa Karatu. Niliwauzia sweta madereva na wapishi wa kambi za watalii, maana kule Ngorongoro, ukingoni mwa kreta, baridi ya asubuhi haina huruma. Nilikuwa na mchumba pia, Joakimu, wakala wa kutoa mizigo forodhani Namanga. Mahari ilikuwa imeshazungumzwa.

Mzigo wangu wa kwanza kutoka ng'ambo ulipofika, Joakimu alikuja nyumbani nitie sahihi karatasi za forodha. Nikasoma kwamba ninaingiza nyuzi za kufumia.

"Mbona hizi ni sweta?" nikamwuliza.

Akacheka. "Sweta ni nini kama si uzi? Nguo ya kufuma ina fungu lake la ushuru, na ni zito. Uzi ni mali ya kiwandani, ushuru wake mwepesi. Weka sahihi, mengine niachie mimi."

Jina lililosubiri sahihi lilikuwa langu. Lake sikuliona popote. Nikamwambia anipe muda.

Bibi mzaa mama alikuwa pembeni akipukuchua mahindi. Joakimu alipoondoka, akaniambia kwa Kiiraqw, lugha aliyoitumia alipotaka nisijifanye sikusikia: "Leo anaita sweta uzi kwa kuwa inamfaa. Siku ya shida, wewe atakuita nani?"

"Bibi, huyu ni mchumba wangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akajibu, akaendelea na mahindi yake.

Nilimkasirikia, lakini neno lilikuwa limeshaingia. Kila alichosema Joakimu nikawa nakigeuza kama noti ninayoishuku. Mwisho nikapanda gari kwenda Namanga bila kumuaga Joakimu, nikaeleza mwenyewe kwamba mzigo ni sweta. Mama mmoja wa forodha alifungua furushi, akavuta mkono wa sweta, vitanzi vikaachana na kurudiana. "Imefumwa, tena ni nguo kamili," akasema. Nikalipa ushuru wa nguo, na faida ikaishia pale pale.

Nikiwa bado pale, wakafungua mzigo wa Elina, jirani yangu sokoni. Naye, kwa ushauri wa Joakimu, alikuwa amesaini kwamba ni nyuzi. Elina akamwonyesha kidole Joakimu, aliyekuwa amesimama mlangoni. Wakamwita. Akamtazama mwanamke aliyempikia chakula mara nyingi, akasema taratibu, "Huyu mama simfahamu."

Mzigo wa Elina ukazuiliwa, posa yangu ikavunjika. Elina nilimkaribisha kibandani, tukauza pamoja mpaka akasimama tena. Kama Joakimu alinipenda, hata leo sijui.

Sasa nasikia nawe umeagiza sweta kwa simu, na yupo kijana anakuhimiza usaini upesi. Mwanangu, sikukatazi biashara, wala kupenda. Ila kitu chako kiite kwa jina lake, hata kama jina hilo lina gharama. Anayekuharakisha, mwulize jina lake yeye litakaa wapi. Ukimshuku, usione haya. Heri mashaka ya mapema kuliko majuto, maana majuto ni mjukuu. Mungu akujalie kumjua mtu kabla shida haijamfunua, akulinde uendako na urudiko, na riziki yako ikufikie mchana kweupe.