Tundu Jekundu Nyuma ya Amplifaya

Jumanne, tarehe kumi na mbili Desemba. Mvua ilipiga tangu alfajiri, ikakata saa tano, jua likatoka kana kwamba halikuwa na habari. Upande wa Isikizya bado kunanguruma.

Neema mwanangu, asubuhi ulikuja na pedali yako mpya ya efekti, ile yenye vitufe vingi kuliko rimoti, ukaniuliza: "Baba, hii inachomekwa wapi kwenye amplifaya ya kanisa? Nikiiweka mbele, sauti inakuwa uji." Nikakwambia ngoja kesho twende pamoja. Ukanuna. "Baba naye! Jambo la dakika mbili."

Ni kweli, ni la dakika mbili. Lakini dakika mbili kama hizo ziliwahi kunitia aibu ambayo sijaimaliza hadi leo, na nimeona nikuandikie humu daftarini, maana nikikusimulia kwa mdomo nitajipendelea. Hata kwa kuandika sina hakika. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mtu akijisimulia mwenyewe mkono huwa mwepesi upande wake. Ukiona mahali nimejipendelea, pigia mstari.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, nami nina umri kama wako, mpiga gitaa wa kwaya ya vijana hapa hapa Cheyo. Kwaya ilikuwa na amplifaya moja ya valvu, nzito kama gunia la mahindi. Ukiiwasha, taa zake za kioo ziliiva polepole kama makaa, ndipo isikike. Aliyeitunza ni fundi Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akabaki. Alikuwa Mwislamu, lakini vyombo vya kanisa alivijua kuliko sisi wenye kanisa.

Unajua Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi, tangu babu zetu walipobeba pembe na nta kwa miguu kwenda pwani, wakipita kwao. Kila nilipomwamkia, "Shikamoo mzee," alijibu, "Marahaba mpagazi. Mzigo uko wapi?" Hakuniita Yohana hata siku moja. Alisema babu yangu alipofika pwani aliionja bahari akauliza nani amezidisha chumvi. Nami nilimjibu kuwa babu yake hakusikia swali, alikuwa amelala kivulini akingoja ngoma ya jioni. Tulicheka hivyo miaka.

Sasa mwaka ule mjomba wangu aliniletea pedali kutoka Dar, ya aina hiyo hiyo yako, ila ya zamani. Nikaichomeka mbele, gitaa kwenye pedali, pedali kwenye amplifaya. Mwangwi niliouweka ukaingia ndani, ukakorogwa pamoja na mngurumo wa amplifaya yenyewe, yote ikawa uji, kama ulivyosema. Nikamwendea Kibwana. Akanionyesha nyuma ya amplifaya. Kulikuwa na matundu matatu yanayofanana, maandishi yake yamefutika. Moja alikuwa amelizungushia rangi ya kucha, nyekundu.

"Haya mawili yasiyo na rangi ndiyo njia ya pedali," alisema. "Nitakuonyesha Jumamosi lipi la kutoa, lipi la kurudisha. Hili jekundu ni mke wangu. Mpagazi haligusi. Akiligusa, nyumba inaungua."

Nikacheka. Nikamwambia mke wa Mzaramo hata bure simtaki. Akacheka pia, akaenda zake.

Mwanangu, hapo ndipo palipo na jambo. Yale hayakuwa utani. Tundu jekundu lilikuwa la spika. Amplifaya ya valvu ukiiondolea spika huku inapigwa, nguvu inakosa pa kutokea, inajiunguza ndani. Lakini mimi nilimzoea mtani kuwa ni mtu wa kucheka naye, sikuwa na sikio la kumsikia akisema kweli. Hata nikajiambia: mzee huyu ananificha tundu lililo zuri.

Alhamisi mchana nikaenda kanisani peke yangu. Krismasi ilikuwa wiki mbili mbele, na nilitaka Jumamosi nifike mazoezini kila kitu kinaimba, wenzangu washangae. Nikachomoa waya wa spika kwenye jekundu. Nikachomeka waya mwingine pale nikaupeleka kwenye pedali, na wa pili kutoka kwenye pedali nikaurudisha kwenye tundu mojawapo la yale mawili. Nikapiga kodi moja, nyuzi zote kwa pamoja, kwa nguvu.

Hapakuwa na sauti. Ndani ya kioo kimoja kuliruka cheche ya buluu, kisha harufu ya vanishi inayoungua. Pedali nayo taa zikazima. Nikarudisha waya wa spika mahali pake, nikafuta vumbi nilipoweka vidole, nikaenda nyumbani. Kufuta lile vumbi ndiko kunakoniuma kuliko kuunguza. Kuunguza ulikuwa ujinga. Kufuta haukuwa ujinga.

Jumamosi amplifaya haikuwaka. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Eliasi, akasema, "Wiki iliyopita Kibwana aliifungua. Ameiua huyu. Na ndiye tuliyetaka kumpa kazi ya spika za kanisa zima!" Niwe mkweli kwake: Mama Eliasi hakuwa mbaya, alisema kile ambacho macho yake yalimwonyesha. Kibwana alikuwa amesimama pale na mkoba wake. Sifa ya fundi katika mji huu ni mdomo wa watu. Siku ile midomo kama ishirini ilikuwa inamgeukia.

Akafungua nyuma, akanusa. Akaliangalia lile tundu jekundu. Rangi ilikuwa imechubuka, na nati yake imelegea. Kisha akanitazama. Nilikuwa nangoja aseme kitu cha mpagazi, nicheke, pengine ningeweza kusema ndani ya kile kicheko. Hakusema. Alifunga mkoba akanipita mlangoni.

"Pole, Yohana," alisema.

Jina langu mwenyewe, na lilinichoma kama tusi.

Sikusema siku ile. Wala Jumapili. Jumatatu nilipita mbele ya kibanda chake karibu na stesheni, nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba." Basi. Akaendelea na redio yake. Nikasimama pale kama mtu aliyesahaulika na treni. Nilielewa kwamba anajua, na kwamba hatanisema kwa mtu. Angeweza. Neno moja lingemrudishia sifa yake. Aliliacha mdomoni mwangu nilitoe mimi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jumatano nikaenda kwa Mama Eliasi, akiwa anachambua kunde, nikamwambia yote, pamoja na vumbi. Aliacha kunde. "Na umeniacha nimtukane mzee wa watu siku nne?" Akajifunga khanga, tukafuatana hadi kibandani, akamwomba radhi fundi mbele ya wateja, na Jumapili akarudia mbele ya kwaya. Mimi nilisimama nyuma yake nikiangalia viatu vyangu.

Siku ile kibandani, Mama Eliasi alipoondoka, Kibwana akanivutia kigoda. Alisema polepole, bila tabasamu:

"Mtani anaruhusiwa kukwambia ambalo ndugu yako anaogopa kukwambia. Ndiyo kazi yake. Analifunga kwenye kicheko ulimeze. Wewe umekula kicheko, ukatupa kilichomo." Akaisogeza redio pembeni, akasema, "Na mimi nimekosa. Jambo la moto halifungwi kwenye kicheko. Ningekwambia: hili ni la spika, usichomoe. Maneno matano."

Nimeipima ile kauli mara nyingi, mwanangu. Wapo watakaosema alikosa kweli, wengine watasema aliniokotea tu nusu ya mzigo. Mimi sijui. Ninaandika kama alivyosema.

Siku tatu tulifanya kazi pamoja. Alitoa transfoma kwenye amplifaya nyingine iliyokufa, akaifunga badala ya ile niliyoiunguza. Kisha akanifundisha, na ndiyo nitakayokufundisha kesho: gitaa liingie mbele, sauti iundwe kwanza ndani. Ndipo itoke kwenye tundu la kutoa, iingie kwenye pedali, ipambwe, irudi kwenye tundu la kurudisha. Waya uchomekwe mashine ikiwa imezimwa. Sauti ianze chini. "Mwangwi hautangulii sauti," alisema. Pedali yangu ilikuwa imekufa, aliniazimia ya mteja mmoja kwa ruhusa yake, nikapiga. Kodi ilitoka safi, na mwangwi ukaifuata kwa nyuma, kila kitu mahali pake.

Asubuhi ya siku ya kuirudisha nilifika kibandani. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

Akaigonga ile amplifaya kwa kiganja. "Marahaba mpagazi. Mzigo huu hapa."

Nikapiga kata ya khanga, nikaibeba kichwani kutoka stesheni hadi Cheyo, yeye akinifuata mikono mitupu, akiwatangazia wenye baiskeli: "Pisheni, pisheni, msafara unapita! Huyu akifika pwani mwonjesheni bahari!" Watu walinicheka njia nzima. Shingo iliniuma wiki. Sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Anayekutania msikilize mara mbili, mara ya kwanza ucheke, mara ya pili uwaze. Jambo usilolijua lisubirie Jumamosi yake. Na ukiharibu, usifute vumbi. Sema siku hiyo hiyo, kabla lawama haijapata mtu wa kumkalia, kwa maana atakayebeba lawama yako kimya huenda ndiye aliyekupenda. Mungu akupe mikono inayosubiri, na watu wa kukuita jina la utani hadi uzeeni.

Kibwana yuko Kisarawe sasa, macho yamepungua. Nilimpigia simu leo mchana, nikamwambia Neema ana pedali. Akasema, "Mwambie mwanao jekundu bado ni mke wangu."

Jioni tumekula ugali na uyoga wa mvua hii, mama yako ameupika kwa karanga. Neema, ulinuna hadi sahani ya pili, kisha ukaomba mchuzi.