Taa Niliyoibeba kwa Ufagio

Wenzangu, miaka yote hapa Chang'ombe nimewasema wanaokimbilia waganga. Juma lililopita nimewapita wote kwa ujinga.

Asubuhi nafagia ua, nikakuta mfuko mkubwa wa karatasi umeanguka mlangoni. Una kitanzi cha mwanzi, utambi ulioungua na maandishi ya kizungu. Mie nasoma herufi za msahafu tu. Nikajiambia huu ni uchawi, na aliyeutupa ni jirani yangu Bi Tatu. Mjukuu wangu Saidi amerudi salama kutoka vita vya Mwingereza na Mjapani kule Bama. Mussa wa Bi Tatu hakurudi. Nikaona kijicho hapo.

Nikauning'iniza kwenye ufagio, nisiuguse, nikaupeleka hadi barazani kwake. Wanawake wamejaa, wanasuka ukili.

"Bi Tatu, chukua uchawi wako! Mwanao kafa kwa amri ya Mungu. Wangu wamtakia nini?"

Ukili ukamponyoka Bi Tatu mikononi.

Saidi akaja mbio. "Bibi, nyamaza! Hiyo ni taa ya kupaa kwa moto, nimeirusha mie jana magharibi. Kule Bama tulikutana na watu wa Siamu, nchi jirani ya huko. Kwao ipo sikukuu ya kuachia taa kama hizi angani, ziwachukulie huzuni zao."

Bi Tatu akauliza polepole, "Pameandikwa nini hapo, baba?"

"Jina la Mussa, mama."

Akanyoosha mikono apokee. Na mie, mbele ya wanawake wote, bado nimeishika taa ya mwanawe kwenye ncha ya ufagio, kama panya aliyekufa.