Makochi ya Watu Sebuleni kwa Veneranda

Mtu wa benki alikwenda mtaa wa Bangwe, kando ya ziwa, kuona shida ya Veneranda, na Veneranda akampokea kama mkwe. Ndiyo, mkwe! Hata leo ukimkumbusha anashika kichwa.

Veneranda ni mjane, mfanyabiashara wa dagaa pale ufukweni Katonga. Ananunua kwa wavuvi, anaanika, anafunga magunia na kuyasafirisha. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, Dismasi, ilikuwa kuta na bati tu. Yeye ndiye aliyeipiga lipu, akamwaga sakafu, akatia madirisha. Pesa alikopa benki, hati ya nyumba ikawekwa rehani, akawa anapeleka marejesho kila mwezi bila kelele. Kisha serikali ikafunga ziwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Haya, samaki wakazaliana. Benki nayo haikufungwa.

Ziwa lilipofunguliwa, mtaji alikuwa ameshaula yeye na binti yake, Happiness. Akauza viti vya sebuleni, akalipa. Akauza kabati, akalipa nusu. Mwishowe simu ya benki ikiita anaiacha iite mpaka inyamaze yenyewe. Barua ya kutishia mnada ilipofika, alijikaza, akajifunga kitenge chake kizuri akaenda ofisini.

Afisa mikopo alikuwa kijana mmoja mpole, jina lake Telesphory. Alimweleza jambo ambalo hakuwahi kulisikia: mtu aliyekwama anaweza kuomba apangiwe mkopo upya, muda ukaongezwa na rejesho la kila mwezi likapungua.

"Ila lazima nije nyumbani nione hali ilivyo, mama," alisema. "Nikikuta uwezo upo, kamati ya benki itakataa. Ikikataa, nyumba itauzwa."

Maneno yote hayo, Veneranda alibeba moja tu: nije nyumbani. Mgeni! Mgeni wa heshima aje akae wapi, sakafuni? Huko kwao mtu huona afadhali alale na njaa kuliko mgeni akute nyumba tupu. Basi akaenda kwa jirani yake Bibiana, akamwambia kuna watu wanakuja kumposa Happiness. Kwa nini hakusema ni benki? Thubutu! Ukisema deni lako Bangwe asubuhi, jioni unaulizwa habari zake Ujiji.

Bibiana, mwanamke wa moyo mkunjufu, alitoa makochi yake yote na zulia juu. Mzee Assani wa nyumba ya pili akaleta televisheni.

"Mama, mchumba mwenyewe mbona simjui?" Happiness aliuliza.

"Nyamaza, chambua mchele."

Telesphory alifika, akatoa shikamoo, akazama kwenye kochi. Akaletewa wali na samaki, migebuka ya mawese, akala, akaongezwa, akala tena. Aliponawa mikono akafungua faili lake, na uso ukabadilika.

"Mama, sipendi kukudanganya. Kuna nyumba nimeingia wiki hii nimekaribishwa ndoo nikalie. Wewe una televisheni kubwa kuliko ya meneja wangu. Sasa niandike nini hapa?"

Veneranda alipiga hesabu haraka. Akinyamaza, anabaki na heshima yake mtaani na nyumba inakwenda. Akisema, aibu.

"Si vyangu," alisema.

"Wote husema hivyo, mama yangu."

Alipandwa na hasira, na hasira ndiyo ilimpa nguvu. Akatoka mlangoni akapaza sauti: "Bibiana! Mzee Assani! Njooni mchukue vitu vyenu!"

Bibiana alikuja mbio, kanga inamdondoka. "Wamekataa? Wamkatae Happiness wetu, wana nini hao?" Akamkazia macho Telesphory. "Na huyu ndiye bwana harusi? Samaki kamaliza mpaka vichwa, halafu anakataa!"

"Hakuna posa," Veneranda alisema. "Huyu ni wa benki. Nadaiwa, na nyumba wanataka kuiuza. Niliwadanganya kwa sababu naona haya."

Hakuna aliyemfariji, tusidanganyane. Mzee Assani alichomoa waya wa televisheni, akaikumbatia, akaondoka nayo. Bibiana alikasirika kweli. Alikuwa ameshaulizia kitenge cha sherehe, ameshawaambia wenzake wa kwaya. "Mimi wa kudanganywa, Veneranda? Mimi?" Akaita watu wakabeba makochi, moja, la pili, mpaka alilokalia mgeni. Zulia lilipokunjwa Telesphory alikuwa amesimama ukutani na faili lake kifuani. Akaomba kuona vyumba vya kulala, akaona mkeka na godoro moja. Akaandika akiwa amesimama.

Kamati ilikubali. Miaka iliongezwa, rejesho likapungua, na ziwa likifungwa atalipa pungufu zaidi. Atakuwa na mvi nyingi siku hati itakaporudi mikononi mwake, lakini hakuna dalali atakayepiga kengele mlangoni kwake. Alisaini huku analia, wala hakujificha.

Bibiana alinuna wiki nzima. Wakikutana njiani, anageukia ziwani. Kisha jioni moja akaingia kwa Veneranda bila kubisha hodi, akafunga mlango nyuma yake, akakaa sakafuni.

"Huyo kijana wa benki," alisema akiangalia vidole vyake vya miguu, "anapokea na watu wengine? Nyumba yangu nayo ina barua ya benki. Tangu mwezi wa tatu. Hata mume wangu hajui."

Veneranda alimtazama. Mwezi wa tatu! Na nyumba zao zinatazamana, kila asubuhi wanaulizana habari za kuamka, kila mmoja anajibu nzuri.

"Kesho nakupeleka," alisema.

Wakaenda, wote wawili, mchana kweupe, kwa njia ya sokoni.