Baiskeli Safi ya Bi Pasi

Shangazi yangu ni dobi, na uchafu kwake ni ugomvi binafsi. Mtaani wanamwita Bi Pasi. Hakuna shati linalotoka mikononi mwake likiwa na mkunjo, na hakuna kiatu kinachovuka kizingiti chake, hata kiwe cha nani. Mimi ninayeishi naye nimekwisha kuzoea. Wageni huwa wanashangaa kidogo, halafu wanavua.

Nguo za wateja alikuwa akizipeleka mwenyewe kwa baiskeli, zimefungwa kwenye shuka jeupe juu ya keria ya nyuma. Alikuwa na wateja kila upande, wengine mbali kweli kweli, na baiskeli ndiyo iliyomwezesha kuwafikia wote bila kumtegemea mtu. Usukani ukiwa mkononi, magoti yake mabovu alikuwa anayasahau.

Asubuhi moja gari dogo la mizigo lilitoka kinyumenyume kwenye geti la duka la dawa, likamgonga. Yeye aliangukia mzigo wa nguo, akapata michubuko tu. Baiskeli ndiyo iliyokiona cha moto: rimu ya mbele ilikunjika, foku inayoshika gurudumu la mbele ikapasuka, na keria ikakanyagwa na tairi la gari. Dereva alishuka mbio.

“Mama, umeumia?”

“Mimi sina neno,” alisema shangazi. “Tazama mashati ya watu!”

Dereva alikuwa muungwana. Alikiri kosa palepale, akatoa karatasi za bima ya gari lake, akasema watalipa. Fundi baiskeli wa mtaani akaandika orodha ya vitu vilivyoharibika, shangazi akatia sahihi bila kuisoma kwa sababu alikuwa anakimbilia kufua upya yale mashati. Tukaambiwa mkaguzi wa bima atakuja nyumbani kuiona baiskeli.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilirudi kutoka sokoni siku moja kabla ya ugeni huo, nikakuta baiskeli imeegemezwa ukutani, inang'aa. Shangazi alikuwa ameisugua kwa sabuni na mchanga, akaipaka mafuta. Na kwa kuwa haikusimama vizuri, alimwomba fundi aifungie rimu na foku za baiskeli ya fundi mwenyewe, kwa kuazima, zile zilizovunjika zikabaki kwa fundi, na akamlipa anyooshe keria.

“Shangazi! Mkaguzi anakuja kuona ilivyovunjika!”

“Atakuja mtu wa watu, mwanangu, na tai shingoni. Unataka nimwonyeshe matope?” Alikuwa amekasirika kweli. “Ajali ilitokea, dereva mwenyewe amekiri. Mkaguzi atauliza, nami nitamweleza.”

Mkaguzi hakuuliza. Alikuwa kijana mpole mwenye haraka. Akavua viatu, akanywa maji, akapiga picha mbili tatu, akaaga. Fundi naye akaja jioni kuchukua rimu na foku yake, tukabaki na fremu isiyo na mguu.

Barua ilipokuja niliisoma mimi. Ilisema uharibifu ulioonekana ni mikwaruzo midogo, na kwamba madai yamekuzwa kupita hali halisi. Fidia waliyoitaja isingetosha hata tairi. Nilitukana, sitaficha. Nilitaka kwenda ofisini kwao nikawaambie ukweli wao. Shangazi aliwasha pasi, akaanza kupiga pasi leso, moja baada ya nyingine, leso ambazo alikwisha kuzipiga asubuhi. Akipiga leso mara mbili, ujue moyoni kunawaka.

Tangu siku hiyo alibeba mizigo kichwani. Wateja wa karibu aliwafikia, wa mbali wakaanza kupeleka nguo kwa wenye mashine. Jioni alikuwa anakaa na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa hamu ya kula.

Mwisho nilimshika mkono tukaenda ofisi ya bima. Karani wa pale alitusikiliza, akasema jambo moja la maana: “Vile vipande vilivyovunjika viko wapi? Mkivileta, mkaguzi atarudi.”

Tulikwenda mbio kwa fundi. Fundi alikuna kichwa. Mtaa wetu hautupi chuma hata siku moja, na yeye vipande vile alikwisha kuvigawa. Foku ilikuwa komeo la geti la fundi viatu, imezibana pande mbili sawasawa kama iliyozaliwa pale. Fundi viatu aliitoa bila maneno, akafunga geti lake kwa kamba. Kazi ilikuwa kwa jirani mfuga kuku, tunayemwita mama wa kuku. Ile rimu alikuwa ameitandika wavu, ndiyo mlango wa banda.

“Nikikupa, kuku wangu watalala na nani?” aliuliza, mikono kiunoni.

“Naiazima tu, dada,” shangazi alimbembeleza.

“Nilipewa, sikuazima!”

Walivutana mpaka jua likawa kali. Mwishowe mama wa kuku alikubali, kwa sharti kwamba shangazi amfulie mapazia. Na aliyatoa yote ya nyumba nzima, mchoyo yule.

Siku ya mkaguzi kurudi, tulivipanga vipande uani juu ya mkeka. Rimu ilikuwa na kinyesi cha kuku. Nilimwona shangazi anaitazama, vidole vinamwasha. Akainuka kwenda kuchukua ndoo. Nikaiwahi ndoo, nikaipindua, nikaikalia.

“Niifute kidogo tu,” alisema.

“Leo hufuti kitu.”

Mkaguzi alichuchumaa, akavigeuza vipande, akalinganisha rangi ya foku na ya fremu. Ilikuwa ileile. Fundi naye alikuwapo, amesimama pembeni kama shahidi, akaeleza alivyoifunga rimu yake na kuifungua tena. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akatoa ile orodha, akaanza kusoma kwa sauti. Rimu. Foku. Keria. Madigadi ya nyuma. Kengele.

“Ngoja,” alisema shangazi. “Kengele ipi?”

Fundi akakohoa.

“Kengele yangu ilikufa zamani,” shangazi aliendelea. “Mimi barabarani napiga mluzi. Na madigadi ya nyuma ililiwa na kutu, hakuna gari lililoigusa.”

Nilimtolea macho. Nilimkonyeza. Ningekuwa karibu ningemfinya. Baada ya tabu yote ile, kuku na mapazia, yeye anatukatia tawi tulilolikalia! Fundi alikuwa anatazama angani kana kwamba anatafuta mvua.

Mkaguzi aliishusha karatasi. “Kwa hiyo, mama, barua yetu haikukosea sana. Madai yalikuwa yamekuzwa.”

Niliona aibu ikimpanda shangazi usoni, na yeye akaivumilia.

“Niliitia sahihi bila kusoma, hilo kosa ni langu,” alisema. “Kengele itoe. Madigadi itoe. Lakini foku ile ilipasuka chini yangu, baba. Hiyo mlipe.”

Mkaguzi alimtazama, kisha akakata mistari miwili. Vingine vyote aliviwekea bei yake kamili, na bila kuombwa akaongeza gharama ya nguo zilizochafuka. Nilipiga hesabu harakaharaka kichwani: ilitosha. Akamgeuzia fomu ya fidia na kumpa kalamu. Shangazi hakuipokea.

“Bado lile neno,” alisema.

“Neno gani, mama?”

“La kwenye barua, kwamba ni mikwaruzo tu na mimi nimekuza. Huko ni kuniita mwongo. Marehemu mume wangu aliniita mkali, akaniita mchoyo wa sabuni, akaniita kichwa kigumu. Mwongo hakuniita. Wewe uliyekunywa maji nyumbani kwangu ndiye uliyeniita.”

“Barua zinaandikwa ofisini, mama. Zina maneno yake maalumu.”

“Macho yaliyoiona baiskeli yalikuwa yako.”

Kijana alizitazama soksi zake kwenye vumbi la uani. Nilidhani atakasirika aondoke, na fidia iondoke naye. Kisha akaivuta fomu, akaandika chini ya hesabu, polepole: Nilipokuja mara ya kwanza sikuuliza. Uharibifu wa ajali ni kama mama alivyoueleza. Akatia sahihi yake, yeye kwanza.

Shangazi aliisoma mistari ile midomo ikimcheza, akairudia. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, yeye ambaye hata siku ya kumzika mumewe alikwenda kulia chumbani.

“Haya,” alisema. “Nionyeshe pa kutia sahihi.”