Projekta ya Barazani Uyole

Mdogo wangu alinipigia simu Jumapili natoka kanisani, akaniambia anataka kufunga projekta barazani kwake, Uyole, Mbeya. Si ile ya kuweka mezani na kuiondoa. Alitaka ya kudumu, ining'inie darini, iwake kwa kubonyeza kitufe.

"Kaka, sitaki fundi mwingine," alisema. "Mama amechoka kuangalia kwaya kwenye simu. Anasema waimbaji wote anawaona kama sisimizi."

Nilicheka, nikamwambia hamna shida, nakuja. Nilipokata simu, uso wangu ulikuwa umeharibika hadi mke wangu akauliza nani amefariki.

Mama yetu ni mtu wa Kalenga. Baba alipofariki nilimchukua, nikamleta kwangu Mlandege, Iringa mjini, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kwanza na kwetu jambo hilo halina mjadala. Alikaa kwangu miaka saba. Kisha mdogo wangu, anayefanya biashara ya mchele, akamaliza nyumba yake Mbeya na kumwomba aende kumtembelea wiki mbili. Wiki mbili zikawa miezi minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama yangu alikuwa anapewa projekta.

Nilikuwa na wivu. Sioni sababu ya kulipamba neno. Kila Jumapili watu waliniuliza, "Mama haonekani siku hizi?" na nikijibu kwamba yuko Mbeya kwa mdogo wangu, wanatikisa kichwa na kusema, "Ee, kule anatunzwa." Kama vile kwangu alikuwa anafugwa! Chumba chake nilikuwa sijampa mtu. Kila siku mke wangu alikifagia, na kila siku nilipita mlangoni nikaangalia kitanda kilichotandikwa, nikamchukia mdogo wangu kidogo, halafu nikaenda kazini. Nilimtaka Mama arudi. Nilitaka arudi kabla watu hawajazoea kwamba amehama.

Nilifika Uyole Alhamisi jioni. Baraza lenyewe lilikuwa kubwa kuliko sebule yangu, limeezekwa vizuri, limewekwa vigae, na ukuta wa upande mmoja ulikuwa umeshapakwa rangi nyeupe ukingojea picha. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, miguu juu ya kigoda.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimu Kihehe. "Umekonda we!"

Yeye alikuwa amenenepa. Alivaa sweta jipya la rangi ya zambarau ambalo sikulinunua mimi. Nilimjibu salamu zake zote, na moyoni nilikuwa nalihesabia kosa lile sweta.

Ijumaa asubuhi nilianza kazi. Mimi ni fundi umeme wa miaka mingi na sijawahi kulipua kazi ya mtu. Nilipanda kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nikapitisha waya ndani ya paipu ili panya wasiutafune, nikafunga soketi mahali ambapo mvua ya upepo haifiki. Projekta inayokaa nje inahitaji boksi. Nilishalitengeneza Iringa, la mbao, lenye matundu mapana kila upande, kwa sababu mashine ile inapumua na inachemka, ukiiziba inakufa. Lakini matundu hayo lazima uyavalishe wavu mwembamba kama wa madirishani, ili wadudu wasiingie. Wavu nao nilikuwa nao, nimeshaukata kwa kipimo.

Mdogo wangu alishika ngazi kama kibarua wangu. Kila nilichoomba alinipa. Aliniita kaka kila baada ya maneno matatu. Mara Mama akatoka ndani na kikombe cha chai, akampa yeye kwanza.

Najua alimpa yeye kwanza kwa sababu yeye alikuwa chini na mimi nilikuwa juu ya ngazi. Leo najua. Lakini saa ile, nikiwa nimeshika wavu mkono mmoja na bisibisi mkono mwingine, kijicho kilinipanda. Mdogo wangu akageuka kumshukuru Mama. Nikaukunja ule wavu, nikautumbukiza kwenye begi langu la vifaa lililokuwa linaning'inia kwenye ngazi, nikafunga boksi matundu yakiwa wazi.

Sikutaka projekta ilipuke. Nilitaka ife polepole, mimi nikiwa nimeshaondoka, na Mama achoke kukodolea macho ukuta mtupu, akumbuke kwangu. Ndivyo nilivyojidanganya, na kwa fundi mwenye akili timamu ulikuwa uongo wa kijinga sana, maana ilikuwa Novemba na mawingu yalikuwa yameshatanda.

Alasiri mvua ya kwanza ya msimu ikanyesha. Ilikatika kabla ya magharibi, ardhi ikatoa ile harufu yake, na giza lilipoingia mdogo wangu akasema tujaribu. Nikabonyeza kitufe. Kwaya ikajaa ukuta mzima. Mama akashika mashavu yake kwa mikono miwili.

"Yesu wangu! Mpaka meno yao nayaona!"

Haukuisha hata wimbo mmoja. Kumbikumbi wa kwanza akatua kwenye uso wa mwalimu wa kwaya. Akaja wa pili, kisha wakaja kama wameitwa, mamia, wakifuata mwanga. Mtu mwingine angekimbilia kuzima. Mama alisimama na magoti yake mabovu, akaitisha beseni la maji.

"Usizime! Asizime mtu hapo!" alipiga kelele. "Wa mvua ya kwanza hao, ndio wenye mafuta!"

Mke wa mdogo wangu akaleta beseni na ndoo. Wote wakawa wanakusanya, wanacheka, mabawa yamejaa kwenye nywele. Mimi peke yangu nilikuwa natazama juu. Niliwaona wakiingia kwenye boksi kupitia matundu yangu. Ningeweza kuzima. Neno moja lingetosha: zima, nimesahau wavu. Nilisimama pale nikaangalia picha ikigeuka manjano, halafu nikasikia harufu ya mabawa yanayoungua, na ukuta ukawa mweusi.

Mdogo wangu alipanda ngazi na tochi, akashuka ameshika projekta ambayo haikuwaka tena. Nilijiandaa kwa lawama. Akanishika bega.

"Ni wadudu tu, kaka. Usijilaumu. Kazi yako ni safi."

Asubuhi yake nilikuta begi la Mama limefungwa, limewekwa karibu na mlango, na yeye ameliinamia anaanza kulifungua. Nilimuuliza anafanya nini.

"Nilikuwa narudi na wewe leo," alisema. "Nilifunga jana mchana, nikasema nikushtukize. Lakini siwezi kumwacha mdogo wako na huzuni hii. Aliitamani ile mashine kwa ajili yangu." Akanipa mfuko wa kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, nipeleke kwa wajukuu.

Nilipanda basi la Iringa peke yangu.  Basi liliposimama Igawa, abiria wakashuka kununua mchele na vitunguu, nami nikashuka na begi la vifaa begani, nikasogea nyuma ya mabanda na kumpigia mdogo wangu kabla sijabadili mawazo. Hata salamu sikuimaliza.

"Wavu nilikuwa nao," nilimwambia. "Nimeuona kwa macho yangu, nimeukunja makusudi, nikauweka kwenye begi. Nilikuwa na wivu na wewe. Nilitaka Mama arudi kwangu."

 Nikasikia kuku, nikasikia sufuria, nikaelewa kwamba simu ilikuwa kwenye spika, imewekwa mezani.

"Nimesikia," alisema Mama.

Nilishusha begi la vifaa chini.

"Jana mdogo wako aliniuliza," aliendelea, polepole, "mbona kaka ameurudisha wavu kwenye begi. Alitaka akuulize. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia asimfundishe kaka yake kazi. Kaka yake ni fundi, ana sababu zake."

 Mdogo wangu naye alikuwa pale, namsikia anapumua. Nilitaka aniseme, anitukane, aseme lolote. Aliuliza tu kama nimeshakula.

Honi ikalia na abiria wakaanza kurudi kwenye viti vyao. Nilimfuata konda nikamwomba anifungulie buti, anishushie begi langu la nguo. Akaniuliza kama nimefika. Nikamwambia hapana, narudi Mbeya.