Chupa ya Akida

Enzi zetu, watoto wa Hombolo kabla ya bwawa, kabla hata reli haijafika Dodoma, maji hatukuyafungulia bomba. Tuliyachimba. Tulishuka korongoni, tukafukua mchanga kwa viganja, kisha tukakaa kusubiri yajitokeze yenyewe, mekundu kama uji wa mtama. Leo mjukuu wangu anaacha bomba linamwagika huku akitafuta sabuni, na nikimkemea ananijibu, "Bibi, umeanza." Ndiyo, nimeanza. Nina hasira ya tangu utotoni, na ninyi wa rika langu mliobaki mtanielewa.

Lakini nianze na raha, maana ilikuwapo. Wazungu waliopita kupima njia ya reli waliacha chupa za kijani kambini kwao, nasi tukazigombea mpaka tukachaniana nguo. Tulipokuwa tukilinda ndege kwenye mtama, tulitia maji ndani tukapuliza mdomo wa chupa: yakiwa mengi inalia nyembamba, yakipungua inanguruma kama dume la ng'ombe. Tuliijaza nyasi kavu, tukaizamisha mdomo chini ndani ya chungu cha maji, na tulipoitoa nyasi zilikuwa kavu vilevile. Tulibishana ni nani aliyeyazuia maji yasiingie, mpaka mlenda ukapoa na mama akafoka, "Haya, kaleni hiyo chupa!"

Mchezo mkubwa ulikuja kwa bahati. Tulizoea kufunika mdomo wa chupa kwa jani la mbarika, vumbi lisiingie njiani. Siku moja binamu yangu Ndahani alijikwaa akitoka korongoni, chupa ikapinduka mkononi mwake, na jani likabaki limenata. Maji hayakumwagika! Tangu hapo ikawa kazi yetu. Unaijaza mpaka pomoni, unaweka jani, unalishika kwa kiganja, unapindua, unaachia. Tulishikiana chupa juu ya vichwa, na aliyekwepa tulimzomea siku nzima kwa woga wake.

Mwaka huo huo akaja akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atutawale. Alitaka wanaume wakachimbe tuta la reli. Mtama ulikuwa umeanza kuiva, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba mtama usiolindwa ni wa ndege. Baba yangu na wenzake walikuwa wamepatana kwamba hatoki mtu mpaka mavuno yaingie ghalani. Walikuwa wamekaza kweli.

Akida hakutukana. Alituita mbele ya tembe la jumbe, mzee wa kijiji chetu, sote wanaume, wanawake na watoto, akatoa chupa. Aliijaza maji, akaweka karatasi mdomoni, akaipindua, akaondoa mkono. Watu wazima walirudi nyuma. Akasema kwa Kiswahili chake cha kupendeza, jumbe akitafsiri, "Mnaona? Maji hayana masikio, lakini yamemtii Bwana Mkubwa wa Kijerumani. Ninyi wenye masikio mtakataaje?"

Nikawaona wanaume, mmoja baada ya mwingine, wanatazama chini. Makubaliano yote yale yaliishia pale, kwa chupa! Kisha yule mtu akaondoa karatasi, akayamwaga maji ardhini. Maji masafi, mbele ya watu wanaoyachimba kwa kucha. Hilo mpaka leo linanichoma.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, maana nilidhani mtu mzima mwenye kanzu amekuja kucheza mchezo wetu. Akida akauliza ni mtoto wa nani. Kabla baba hajajibu, Ndahani alikuwa amenipa chupa yake, imejaa, na jani lake. Nikaipindua juu ya kichwa changu, nikaachia jani. Halikudondoka hata tone.

Bibi mmoja akapiga kigelegele, na watu wakaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena. Wanaume kadhaa waliondoka hapo hapo wakaingia porini na ng'ombe wao. Akida akawaachia askari wake waseme kwa kiboko. Baba yangu alilazwa kifudifudi akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, eti amemfundisha mtoto dharau.

Watu wameniambia miaka yote, "Ungenyamaza, baba yako asingeumia." Nawachukia kwa neno hilo. Kwani kiboko nilikishika mimi? Bunduki walikuwa nazo, wangetulazimisha kwa bunduki tukajua tumelazimishwa. Kutudanganya kwa maji, sisi Wagogo, ilikuwa ya nini?

Jioni ile baba alikuwa amelala kwa tumbo kwenye ngozi ya ng'ombe, mgongo umepasuka, na mama ameyeyusha chumvi ya kumsafishia. Baba akaniita. "Mwanangu, ile chupa ulifanyaje?" Nikamweleza. Akasema, "Jaza haya maji ya chumvi. Ishike hapa, juu ya mgongo wangu."

Mama alipiga kelele. Baba akamwambia anyamaze. Nikapindua, nikaachia jani. Baba aligeuza shingo akatazama, akatazama, halafu akacheka huku akiuma meno. "Kumbe ni maji tu," akasema.

Asubuhi askari walimchukua akachimbe tuta. Alirudi ndege wameshakula mtama wote, na mgongo wake haukunyooka tena. Lakini tangu siku hiyo, mtu akija kwetu na maneno makubwa, baba alikuwa anasema, "Lete chupa."

Sasa huyu mjukuu wangu. Juzi karudi na karatasi ya mtihani wa sayansi, kapata alama zote. Kuna picha ya chupa iliyopinduliwa, naye kaandika vizuri kabisa kwamba ni mgandamizo wa hewa. Nilifurahi, Mungu ananiona. Nikajaza chupa, nikaweka jani, nikamwambia, "Njoo, mume wangu, nikushikie juu ya kichwa."

Akaruka nyuma. "Bibi, utanilowesha!"

Swali kalijibu lote bila kosa, na jibu lake mwenyewe haliamini. Nikabaki nimesimama na chupa yangu, nikikumbuka mgongo wa baba.