Kwenda Junda Kulifuta Jina la Mjomba

Nianze na upumbavu wangu, maana usipoujua huo hutaelewa kwa nini Alhamisi ile, badala ya kucheza mpira nyuma ya shule yetu ya Likoni, nilikuwa juu ya baiskeli ya mwalimu nikielekea Junda, ng'ambo ya pili ya mji. Nilimuua mjomba wangu. Si kwa kisu. Nilimuua kwa mdomo, darasani, mbele ya watoto arubaini, kwa tamaa ya kushika bendera.

Kila Novemba shule yetu ilisimama kimya dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani, na majina yaliyosomwa yalikuwa ya maofisa wa Kizungu ambao hata mbwa wa Likoni hawakupata kuwabwekea. Mwaka ule, uhuru umeshaanza kunukia, Mwalimu Mwakio alisema basi. Yeye ni Mtaita, na babu yake alikwenda vita vya kwanza kubeba mizigo, asirudi. "Safari hii tutawasoma wote," alisema. "Askari, wapagazi, wapishi, wachunga nyumbu. Mwislamu, Mkristo, na wa mizimu. Kila mmoja aniletee jina la kwao. Wazazi nao waje Jumamosi wasikie." Wenye majina wangesimama mbele, na mmoja wao angeshika bendera.

Nikainuka. "Mjomba wangu Bakari, mwalimu. Alikufa Burma kwa risasi tatu, kambeba kapteni mgongoni."

Kapteni nilimtia mwenyewe. Risasi ya tatu niliiongeza nilipokumbuka kuwa Charo, wa dawati la nyuma, ana babu wa risasi mbili.

Ukweli ni kwamba Mjomba Bakari, nduguye mama wa pekee, alikwenda Burma kabla sijazaliwa, na tangu hapo haikuja barua wala habari ya kifo. Mama hakukubali matanga. Hakukubali hitma. "Hitma husomewa maiti," huwaambia watu. "Nionyesheni kaburi." Na kila Alhamisi huitoa kanzu ya mjomba sandukuni, akaianika, akaifukiza udi, akaikunja na asumini, iwe tayari kwa sala ya Ijumaa. Miaka kumi na minane kanzu inangoja mwenyewe. Sasa Jumamosi mama angeketi pale shuleni amsikie nduguye akisomwa pamoja na maiti, na aliyemzika ni mwanawe.

Alhamisi asubuhi nilimwendea Mwalimu Mwakio nikamwambia yote. Hakunipiga, na hilo lilinitisha zaidi.

"Jina nililoliandika kwa wino silifuti kwa sababu unamwogopa mama yako," alisema. "Nitalifuta ukiniletea ushahidi. Junda yuko kinyozi, Mzee Katana, alichunga nyumbu wa mizigo huko Burma pamoja na vijana wa huku. Kamuulize." Akanipa baiskeli yake. "Ikirudi na mkwaruzo, jina lako ndilo litakalosomwa Jumamosi."

Saa sita mchana nilikuwa ndani ya feri. Baiskeli ilinishinda uzito, nikaikumbatia kama bibi harusi. Mzee mmoja mwenye kikapu cha mihogo akaniuliza, "Hiyo baiskeli unaipanda au inakupanda?" Nikamwambia tunapokezana. Kivuko kizima kikacheka, nami nikacheka. Nilikuwa nikitazama Likoni inavyorudi nyuma, nikamfikiria mtu aliyevuka hapa hapa akiwa na miaka ishirini, akitazama kama nitazamavyo, akijua ataiona tena.

Saa saba nilifika daraja la Nyali. Wasiolijua, daraja lile huelea, na maji yakitoka njia ya kuteremkia husimama kama ngazi ya dari. Maji yalikuwa yametoka. Niliteremka kwa breki na bismillahi. Breki haikushika. Mbao zikapiga ngoma chini ya magurudumu, na askari wa daraja akanipigia kelele, "Wewe! Una haraka ya kufa?"

"Si mimi, baba, ni mjomba!"

Nilipofika Bombolulu mnyororo ukatoka, nikaurudisha kwa mikono na shati. Kuanzia hapo ni mchanga na minazi, na baiskeli niliisukuma zaidi ya kuipanda, hadi Junda.

Saa nane na nusu nilimkuta Mzee Katana barazani kwake, mbele ya kioo chenye ufa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

"Sikuja kunyoa."

"Mimi bila wembe mkononi sina maneno. Keti."

Nikaketi. Akanishika kichwa, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, mkono ukasita. "Kisogo hiki nakijua. Wewe ni wa nani Likoni?"

"Bakari ni mjomba wangu."

Akautia wembe kichwani, akaanza kunyoa. "Tulipewa amri tuvuke mto na nyumbu. Mvua, giza, maji ya kifua. Bakari alikuwa nyuma yangu. Nilipofika ng'ambo nikahesabu. Tulifundishwa kuhesabu nyumbu, si watu. Nyumbu walitimia. Bakari hakuwapo."

"Basi alikufa?"

"Sikumzika, siwezi kukuambia kafa. Sikumwona tena, siwezi kukuambia yu hai."

"Na mbona hukuja kwetu, mzee? Mama angoja."

"Nilikuja mara mbili, nikaishia kivukoni. Ningemwambia nini? Nyumbu walitimia?" Akapangusa wembe kwenye kanga kuukuu. "Lakini alikuwa akinichosha, Bakari huyo! Kila jioni: 'Katana, saa hii dada anafanya nini?' Nami wa Junda nitajuaje? Nikimwambia anapika wali, anakasirika. 'Leo Alhamisi, Katana. Alhamisi ananifukizia kanzu yangu.'"

Kichwa kilikuwa mikononi mwake, sikuweza kukigeuza, na kioo kile chenye ufa kilinionyesha nikilia mara mbili.

Nilimwachia habari ya Jumamosi, nikarudi njia ile ile, maji yamejaa, daraja limelala sawa. Nilifika nyumbani jua bado halijazama. Mama alikuwa uani na chetezo cha udi, kanzu imetandazwa juu ya kitundu cha kufukizia. Akaniangalia kichwa.

"Nani kakunyoa?"

Nilifungua mdomo niongope. Mara ya kwanza maishani, uongo haukuja. Nikamweleza vyote: bendera, kapteni, risasi tatu, mto, nyumbu. Nilipofika pale pa Alhamisi, mama aliikamata kanzu juu ya chetezo kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe na upepo. Hakunitukana. Ijumaa nilimrudishia mwalimu baiskeli, nikampa maneno ya Mzee Katana, na bado sikujua kama mama atakuja shuleni.

Jumamosi alikuja. Alikuja amevaa buibui lake jipya, akakaa pembeni. Mzee Katana naye alikuja, safari hii kivuko alikivuka. Mwalimu Mwakio alisoma waliokufa: maofisa wale wale wa zamani, askari, wapishi, babu yake mpagazi, babu wa Charo. Sote tukasema, Mungu awarehemu. Kisha akafungua karatasi ya pili, ya wino mbichi. "Hawa ni wale tunaowangoja," alisema, akaita kama anavyoita majina yetu kila asubuhi. "Bakari bin Omari wa Likoni."

Bendera ilikuwa mkononi mwa Charo, na sikuitamani.

Mama akainuka. "Hajafika, mwalimu."

Mzee Katana akavua kofia.

Nimesafiri Likoni hadi Junda na kurudi, safari ya nusu siku, na nililojifunza ni hili: mimi nilimmaliza mjomba kwa neno moja, na mama amemweka hai kwa Alhamisi zote hizo, moja moja.

Tuliporudi nyumbani alifungua sanduku, akaitoa kanzu, akanisimamisha mlangoni na kunipimia mabegani. Ikanuka udi na asumini. Akaivuta mikono, akaitazama ilipoishia, akasema:

"Imekufika. Ivae Ijumaa. Akija mwenyewe, umvulie hapo hapo mlangoni."